Hadi Ajue Kuandika Jina Lake

Mwanza,
8 Februari 1998

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mjukuu wako, na kwamba mvua hizi hazijaiangusha migomba yote. Huku tunasikia redioni kila siku barabara fulani imekatika, daraja fulani limekwenda na maji, nami nikisikia jina la Kilimanjaro naacha ninachofanya. Mimi sijambo. Bado nakaa kwa kaka yangu Hosea hapa Kirumba, naye anakusalimu. Kazi ya dukani inaendelea. Ni lile duka la vifaa vya shule nililokueleza: madaftari, rula, wino, chaki. Shule zilipofunguliwa mwezi uliopita tulikosa hata nafasi ya kunywa chai.

Mama, sitazunguka sana. Unakumbuka tulipomaliza matanga ya mume wangu Gidioni, baba mkubwa Sifael alisimama mbele ya ukoo akasema mtoto asiende kuhangaika mjini na mjane ambaye bado anatafuta pa kulala. Akae kihambani, kwenye shamba la ukoo, kwa bibi yake ambaye mtoto amelibeba jina lake, hadi ajue kuandika jina hilo. Akishajua, mama yake aje amchukue ampeleke shule. Nilikubali mbele ya wote, na wewe ulikubali. Sasa Eliona anakaribia miaka saba, na Januari ijayo ni darasa la kwanza.

Kwa hiyo nimekutumia penseli. Nimempa mama mmoja wa Kilema anayekwenda nyumbani. Ni zile nzuri za mistari myekundu na myeusi, zenye kifutio juu. Naomba umwanzishe taratibu, hata herufi moja kwa wiki. Mwambie mama anampenda, na chumba anakitafuta.

Mwanao,
Pamela


Marangu,
29 Machi 1998

Mwanangu Pamela,

Marahaba. Tunaamka, tunakula, tunamshukuru Mungu. Mvua ilitaka kutumaliza lakini imeona hatuna cha kuchukua ikapunguza. Ng'ombe amezaa, na amezaa dume, basi furaha yenyewe nusu. Wanunuzi wa kahawa siku hizi wanakuja na magari mpaka mlangoni, kila mmoja na mzani wake, na kila mzani una maoni yake. Zamani tulikuwa tunalalamikia chama cha ushirika. Sasa hatujui hata tumlalamikie nani.

Wajina wangu hajambo. Anakula mtori kama mtu mzima na anauliza maswali kama wakili.

Kalamu za risasi zimefika. Kwa macho ni nzuri. Lakini mwanangu, ni ngumu kama misumari. Mtoto akikandamiza, karatasi inachanika. Asipokandamiza, hakionekani kitu. Na kile kifutio cha pinki, mtoto wa umri ule atakitafuna akidhani peremende. Wewe unakaa dukani, hujui kuna ngumu na laini? Tafuta laini, ndipo tuone.

Msalimu kaka yako. Mwambie aoe, kukaa na dada si nyumba.

Mama yako,
Mama Gidioni


Mwanza,
26 Aprili 1998

Mama mpendwa,

Shikamoo, na Pasaka njema ingawa imeshapita. Tuliila kwa samaki, na Hosea alicheka sana kwa yale uliyomwagiza. Amesema ukimtafutia mchumba wa huko atakuja mwenyewe kumchukua.

Nimefurahi kusikia Eliona amejaribu, hata kama karatasi zilichanika. Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi. Najiona niko pale mlangoni, namwona amekunja uso anakandamiza, na ulimi umetoka pembeni kama baba yake alipokuwa anasaini kitu.

Umesema kweli, nilichukua za kupendeza badala ya za kufaa. Penseli huwa zimeandikwa mwishoni: yenye H ni ngumu, yenye B ni laini, na namba ikizidi, ulaini unazidi. Nimekutumia za 2B, zinateleza zenyewe. Zichonge kwa wembe lakini usizifanye ncha ndefu sana. Ameshajua herufi ipi? E ni rahisi kuanzia, ni mti mmoja na matawi matatu.

Mwanao,
Pamela


Marangu,
14 Juni 1998

Mwanangu Pamela,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kuchuma kahawa, na mgongo nao siku hizi unataka kubembelezwa kabla haujakubali kuinama. Baba mkubwa Sifael alianguka bafuni, lakini hakuvunjika. Anasema alikuwa anainama kuokota sabuni. Sisi tunajua ni pombe ya mbege.

Hizi laini, mama, ni taabu nyingine. Viganja vyote vyeusi, daftari jeusi, mpaka pua nyeusi. Zikianguka chini zinavunjika ndani kwa ndani, unachonga mpaka unafika mwisho hujapata ncha. Halafu zinabiringika. Ukiiweka mezani iko mlangoni, ukigeuka iko migombani. Mtoto mdogo anataka kalamu nene, ya kushikika. Ungeuliza kwanza kabla ya kutuma.

Lakini usifikiri mtoto amekaa bure. Anajua kuchagua kahawa, iliyoiva huku, mbichi huku, na haibi hata moja kuchezea. Anajua kukata majani ya ng'ombe, fungu dogo la kichwa chake. Ukimwonyesha mgomba anakwambia huu ni mshare, huu ni kitarasa, na hajakosea tangu Pasaka. Juzi alisimama kwenye kaburi la baba yake akang'oa magugu bila kutumwa. Mimi nilikuwa nyuma yake, hakuniona. Nililia nikanyamaza.

Mama Gidioni


Mwanza,
12 Julai 1998

Mama mpendwa,

Shikamoo. Pole na mgongo. Nimekuwekea na dawa ya kuchua humo kwenye kifurushi. Mimi nimepata chumba, Mama. Kina dirisha upande wa barabara, na nimeshaweka kitanda cha pili.

Nashukuru kwa kuniambia habari za kaburi. Sikuweza kwenda kazini asubuhi ile.

Penseli nene nimeipata, lakini imenichukua muda. Huku hakuna, mwenye duka aliagiza Nairobi. Haina mviringo, ina pande tatu, kila kidole na ukuta wake, kwa hiyo haibiringiki wala haitelezi mkononi. Mteja mmoja aliitaka nikamwambia imeshanunuliwa. Mama, hii ndiyo. Sidhani kama kuna mtoto nchini hapa ana nyingine kama hiyo.

Ila sasa nakuomba jambo moja. Barua zako zinanieleza penseli, hazinielezi mtoto anaandika nini. Nitumie ukurasa mmoja. Hata kama ni mikwaruzo mitupu, hata kama umechanika. Nimeshaongea na mwalimu wa shule iliyo jirani hapa, anataka kujua mtoto amefika wapi.

Mwanao,
Pamela


Marangu,
6 Septemba 1998

Mwanangu Pamela,

Marahaba. Dawa ya kuchua inanuka lakini inasaidia. Watu wa huku wazima, isipokuwa wale waliokufa.

Kalamu nene imefika. Haina ubaya. Ila inachosha mkono, ni nzito kwa mtoto. Huo ukurasa unaoutaka, ndama aliingia jikoni akala daftari. Ndama ni ndama, huwezi kumpeleka polisi.

Nikwambie kitu. Mimi nilimfundisha Gidioni kuandika hapa hapa jikoni, kabla hajaonana na mwalimu yeyote. Nilikuwa kijana na nilijivuna, nilitaka wakwe zangu waone. Alipojua, akapelekwa shule ya bweni. Kutoka bweni akaenda Moshi, kutoka Moshi akaenda kwenu Mwanza, na kutoka Mwanza niliona gari limekuja na jeneza. Kabla yake nilimfundisha mdogo wangu wa kike Esther, naye yuko Kanada, ananitumia kadi ya Krismasi yenye theluji. Theluji ninayo juu ya mlima, naiona bure kila asubuhi.

Kila niliyemfundisha kuandika katika nyumba hii aliondoka. Sisemi zaidi ya hapo. Mtoto anakua, shule haikimbii.

Mama Gidioni


Mwanza,
18 Oktoba 1998

Mama,

Shikamoo.

Hosea alikwenda Mkuu, huko Kilimanjaro, kwenye msiba wa shangazi yetu aliyeolewa huko, na wakati wa kurudi alishuka Marangu kuwasalimu. Anasema ulikuwa umekwenda kanisani kwenye kikundi cha akina mama, akamkuta Eliona na jirani. Hukumkuta Hosea kwa sababu aliogopa kukosa basi. Ndiyo maana hujui aliyoyaona, na mimi imenichukua siku nyingi kupata maneno ya kukueleza.

Alimwomba Eliona amwandikie herufi moja tu anipelekee. Mtoto akamwambia hajui. Hosea akatoa kalamu yake ya wino akampa, mtoto akaishika kwa ngumi, kama mtu anayemenya ndizi. Akamuuliza, zile penseli zako ziko wapi? Akamwonyesha kabatini, kwenye mkebe wa majani ya chai. Zote zilikuwemo, Mama. Ngumu, laini, na ile nene. Hakuna hata moja iliyowahi kuchongwa. Akamwambia, "Hizo ni za mama yangu. Bibi anamtunzia mpaka aje."

Ulijuaje ni ngumu, kama hazikuchongwa? Viganja vilikuwaje vyeusi? Nilikuwa nalala namwona na pua nyeusi. Nilikuwa nacheka peke yangu gizani kwa sababu ya pua ile, na pua yenyewe haikuwepo.

Ungeniambia tu kwamba hutaki aondoke. Mimi nilimzika mume, nilikuwa najua kulia na mtu. Lakini hukuniambia, ulinituma madukani.

Nakuja Desemba kumchukua Eliona, ajue kuandika asijue. Baba mkubwa Sifael nimemwandikia.

Pamela


Marangu,
8 Novemba 1998

Pamela,

Njoo. Sitakuzuia. Nguo zake za baridi nitaziweka juu, za kanisani chini.

Mama Gidioni


Mwanza,
21 Februari 1999

Mama,

Shikamoo. Ni muda mrefu. Nilidhani utaniandikia kwanza, kisha nikakumbuka mimi ndiye niliyeondoka na mtoto, basi ni zamu yangu.

Eliona hana homa wala jeraha, anakula, ingawa anasema ndizi za huku hazina akili. Amepelekwa darasa la kwanza. Siku ile nilipokuja kumchukua, hukuja barabarani kutuaga. Jirani alisema umekwenda kukata majani, na majani yalikuwa yamejaa zizini, niliyaona. Nilisimama pale na begi nikasema nitakungoja kidogo, basi likapiga honi, nikapanda. Mpaka leo najiuliza ningepungukiwa nini kama ningekufuata migombani. Nilikuwa na hasira, Mama. Hasira ilikuwa ya haki lakini sikuwa na haja ya kuondoka nayo.

Sasa nakuandikia kwa shida. Eliona hataki kuandika. Simaanishi kwamba hawezi. Hataki. Nimemnunulia kila penseli niliyokuwa naijua na nisiyoijua. Mwalimu akimshikisha anaiachia, inaanguka. Akipigwa analia, lakini haiokoti. Wenzake wote wameshafika kwenye majina yao, yeye daftari lake ni jeupe. Mwalimu mkuu ameniita, amesema kama hajaanza kufikia Pasaka watanirudishia mtoto, nimpeleke kwenye shule ya watoto wenye matatizo ya akili. Mtoto huyu, ambaye anauliza maswali kama wakili!

Juzi nilimpakata, sikumgombeza, nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Bibi alisema nikijua kuandika nitaondoka kwake. Mimi sijajua. Kwa hiyo mtanirudisha."

Anangoja, Mama. Kila siku anakwenda shuleni kukaa bila kuandika, akiamini kuna siku nitamwona hajui na nitafunga begi lake. Nimemwambia sivyo, hanisikii. Nani atamwamini mtu aliyemtoa nyumbani? Wewe atakusikia. Nisaidie.

Mwanao,
Pamela


Marangu,
14 Machi 1999

Pamela mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena. Siku mbili sikuweza kupeleka chakula mdomoni. Nilimwambia maneno yale jioni moja nikiwa nimempakata, kama mtu anavyomwambia mtoto usiende mtoni kuna mamba. Sikujua atayabeba mpaka Mwanza. Nilitaka kumshika, nikamfunga.

Siku ile nilikuwa nyuma ya mgomba wa tatu kutoka kaburini. Nililiona begi lako, nikakuona unageukageuka. Sikutoka. Na mimi pia najiuliza ningepungukiwa nini.

Kuhusu kalamu, nisikilize, maana safari hii sikutumi popote. Chukua HB ya kawaida, ya bei ya chini, isiyo na rangi wala kifutio. Ikate katikati, kwa sababu ndefu inamwelemea mtoto kwa nyuma na kuvuta mkono. Ichonge kwa kisu, ncha butu kidogo, ili asiogope kuivunja. Zungushia uzi pale vidole vinapokaa, visiteleze. Karatasi usimpe siku ya kwanza, mwache aandike kwenye gazeti, mahali ambapo hakuna kosa. Ukae nyuma yake, usikae mbele, mkono wako juu ya wake, na usimharakishe. Hivyo ndivyo nilivyomfundisha Gidioni, na masika moja ilitosha. Nilikuwa nayajua haya yote ulipotuma zile za kwanza, Pamela. Mwaka mzima nilikuwa nayajua.

Huyo mwalimu mwambie bibi yake mtoto amesema asimpige.

Sasa yanayofuata msomee Eliona, polepole, na usiruke mahali.

Wajina wangu,

Ni bibi. Ndama wako amekuwa mkubwa na hana adabu. Kahawa imetoa maua. Nakuita asubuhi kabla sijakumbuka kwamba haupo, halafu nasikia haya mbele ya kuku.

Nilikwambia ukijua kuandika utaondoka. Bibi alikosea. Watu wanaondoka hata wasipojua, umeona mwenyewe. Na sasa sikiliza vizuri, maana nakwambia kweli: usipoandika hawatakurudisha kwangu. Utakaa huko, mimi nitakaa huku, na hakuna kati yetu atakayejua mwenzake ameamkaje. Mama yako hakukuiba. Alikuacha kwangu akiwa analia, na akaja kukuchukua akiwa analia, na mimi nilimwona mara zote mbili.

Basi shika kalamu. Ikianguka, iokote. Anza na E, ndiyo yenye matawi matatu. Jina likishakamilika, andika na lingine, mpaka yawe habari, halafu umpe mama aweke stempu. Uniambie umekula nini, nani amekukasirisha, kama huko kuna baridi. Mimi sijawahi kupita Bomang'ombe, hapo tu mbele ya Moshi, tangu nizaliwe, lakini siku nikipata barua ya mkono wako nitauliza basi la Mwanza linapakia wapi, na nitapanda.

Usingoje uandike vizuri. Andika herufi kubwa kubwa, mjukuu wangu, macho ya bibi yako yanafifia kila mwezi, na barua hiyo sitaki nisomewe na mtu mwingine.

Bibi yako,
Eliona